Tatizo si uso wako, ni pua yako

Haya, naona watu wananiuliza sana hii miwani mpya nimeitoa wapi, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja acha niandike hapa, maana mpaka kuipata hela yangu imeliwa kwanza.

Mi ni mainasi tano macho yote mawili, yani vya mbali sivioni vizuri, bila miwani naweza kuupigia mti shikamoo. Mwaka jana nikaona niachane na ile miwani yangu ya tangu chuo, nikaingia mtandaoni kusoma namna ya kuchagua fremu, na huko wimbo ni mmoja tu, uso wa duara vaa fremu za pembe, uso wa pembe vaa za duara. Uso wangu ni chapati, sifichi, basi nikaenda duka moja nikachukua fremu nyeusi ya plastiki, pembe nne, pana, nzitonzito hivi kama za watangazaji wa tivii. Pale dukani nilijiona mtu haswa.

Wiki haikuisha nikajuta. Joto la Dar la Februari mnalijua, nipo kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba mwingine mkoba, jasho linatiririka na miwani nayo inateleza taratiiibu mpaka ncha ya pua, nikabaki nawaangalia abiria kwa juu ya fremu kama mwalimu anasahihisha madaftari. Nikicheka mashavu yanaisukuma inapanda, nikinyamaza inashuka. Afu lenzi zenyewe pembeni nene kama kitako cha chupa, macho yakawa yanaonekana vitone. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, mbona siku hizi unasinzia muda wote?"

Aliyenifumbua macho (samahani, imekuja yenyewe) ni mzee mmoja fundi miwani, Kariakoo. Nilimpelekea anikazie skrubu tu. Uso wangu hata hakuuangalia, alinivua miwani akageuza mkono wa fremu ndani akanionyesha namba, 56, 16, 145. Kumbe hizo ni milimita! 56 upana wa lenzi moja, 16 ile nafasi ya pua katikati, 145 urefu wa mkono mpaka nyuma ya sikio. Akanipima na kirula kutoka mboni hadi mboni, 62. Akasema, "Binti, jumlisha 56 na 16, unapata 72, na macho yako yako kwenye 62, kwa hiyo unachungulia upande wa ndani wa lenzi, na upande wa nje wote huo ni unene wa bure." Maana lenzi ya mainasi katikati ni nyembamba, kadiri unavyokwenda pembeni inanenepa, fremu ikiwa kubwa unabeba unene wote. Wale wa plasi, wanaosumbuliwa na vya karibu, ni kinyume, wao unene uko katikati.

Na pua je? Pua yangu ni ya kwetu, pana na haijainuka sana juu huku kati ya macho, na fremu nyingi za plastiki madukani zimetengenezwa kwa pua nyembamba zilizosimama, kile kidaraja cha puani kimeganda hivyo hivyo hukikunji wala hukisogezi, sasa kitashika wapi? Fremu ya chuma yenye vile vipedi laini vya puani fundi anavikunja mpaka vinakaa. Hapo ndo nilipoelewa kwamba habari za uso wa duara sijui yai zije baadaye.

Nimechukua ya chuma, 47 na 20, rangi ya dhahabu iliyofifia, na mikono myembamba iliyonyooka kwa sababu navaa mtandio na ile mikono minene ilikuwa inaniumiza masikio ikifika saa tisa. Lenzi niliomba zile zilizopunguzwa unene, ghali, ila kwa namba yangu ya macho afadhali nile mihogo mwezi mzima. Na ndiyo, fremu ni kama ya duara, kwenye uso wa duara, na sijafa.

Ah na kitu kimoja wale wa mainasi kubwa mtanielewa, ukijaribu fremu dukani ile lenzi ya maonyesho haina namba ya macho, unajiangalia kwenye kioo unaona ukungu tu! Mi sasa najipiga picha na simu, mbele na upande, navaa miwani ya zamani ndo naangalia. Pia inama kama unafunga kiatu, cheka kwa sauti hapo hapo dukani, wakushangae tu. Ikianguka irudishe kwenye shelfu. Na usiende na yule rafiki anayesema kila kitu kimekupendeza, mi nilienda na mdogo wangu ambaye hana huruma, fremu nne za kwanza alisema nafanana na babu.

Juzi Idi shangazi kaniona mlangoni, kanikazia macho weee, akasema, "Eh! Kumbe una macho."