Mafuta ya nazi kabla ya blichi, na mbarika uyaache kwanza

Harusi zikianza baada ya Idi basi saluni za Malindi kuanzia Barani mpaka Maweni zinajaa mabinti wanaotaka rangi, asali, dhahabu, ile kahawia inayowaka juani, na safari hii mtoto wa khalati naye kaingia foleni. Mamake hataki kusikia blichi. Mwenye saluni hataki kusikia mafuta. Binti mwenyewe kanijia mimi anauliza apake mafuta kabla ya blichi au asipake, manake kwetu mimi ndo wa mambo ya nywele, sa badala ya kumtumia vois noti juu ya vois noti nikaona niandike hapa na wengine wapate.

Msimamo wangu nausema mapema: mafuta kabla ya blichi yanasaidia, ila yawe ya nazi, yapakwe usiku wa kuamkia siku yenyewe, na yapakwe kidogo. Hayo mnayojimiminia siku hiyo hiyo mkiwa mlangoni pa saluni ni harufu tu mnajitia.

Blichi ni vitu viwili vinachanganywa, ile poda na ile developa ambayo ndani yake ni haidrojeni peroksaidi. Poda ina ukali wake, inafanya unywele ufure na magamba yake ya nje yanyanyuke, peroksaidi inapata njia ya kuingia mpaka ndani kwenye melanini, ndo hiyo rangi yetu nyeusi, inaivunja. Shida ni kwamba haichagui. Inavunja melanini na hapo hapo inavunja viungo vya keratini, ile protini iliyoushika unywele, alafu inaondoka na ule utando wa mafuta ya asili unaofanya maji yateleze juu. Ndo maana nywele za blichi zikilowa zinakunywa maji mpaka basi, zinavutika, na ukizipitishia kitana hapo zinabaki mkononi.

Mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Molekuli zake ni ndogo, zimenyooka, na zinapatana na protini, kwa hivyo zinapenya ndani ya unywele wenyewe hazikai juu tu. Zikishakuwa ndani maji hayaingii kwa fujo, unywele haufuri sana, na huko kufura na kusinyaa kila mara ndo kunakouchosha unywele hata bila blichi. Mafuta ya alizeti molekuli zake zimejipinda, hayapenyi hivyo. Mafuta ya madini, yale meupe yasiyo na rangi wanayopakwa watoto, hayana habari na protini, yatakung'arisha utapendeza na basi.

Kuna watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walitoa kazi yao 2003 wakalinganisha hayo matatu, nazi, alizeti na madini, na nazi ndo peke yake iliyopunguza sana protini inayopotea, kwa nywele nzima na kwa zilizoharibika, ukipaka kabla ya kuosha au baada. Lakini niwape na upande wa pili, hao walikuwa watu wa Marico, kampuni inayouza mafuta ya nazi, na walichopima ni kuosha na kuchana, sio kupaka leo ukablichi kesho. Kwa hivyo mtu akija na maneno ya ati sayansi imethibitisha mafuta ya nazi yanazuia blichi isiharibu, mwambie apunguze sauti. Blichi itaharibu. Tunachotafuta ni iharibu kidogo, na kwa jinsi mafuta haya yanavyofanya kazi mimi naridhika kwamba yanasaidia hapo.

Sa mafuta yenyewe. Sisi huku tuna bahati, Kilifi nzima ni minazi, na yale ya kupika nyumbani ndo nayapenda zaidi, unakuna nazi kwa mbuzi, unakamua tui zito, unaliweka kwenye moto mdogo mpaka maji yaishe na mafuta yaelee juu peke yake, moto ukizidi yanatoka yananuka kuungua na harufu hiyo haitoki kwenye mto wa kulalia wiki nzima. Ya mbata nayo ni sawa, asidi ni ile ile. Ya dukani geuza chupa usome nyuma, zile zenye picha ya nazi na harufu ya asumini nyingi zimechanganywa, ukiona paraffinum liquidum imeandikwa mwanzo ujue umenunua madini yenye manukato. Ya sokoni ya chupa za soda tia kidogo kwenye friji, nazi inaganda ikishuka chini ya digrii 24 hivi, huku kwetu joto ndo linatuficha, watu wa Nairobi wao wanayachota na kijiko kama samli. Yakikaa frijini usiku mzima bado majimaji basi kuna mtu kayazidisha kwa mafuta ya kupikia.

Upakaji, kwa nywele za mabegani vijiko viwili vya kulia vinatosha, anza kwenye ncha uje juu, manake ncha ndo zee kuliko zote, unywele unakua kama sentimita moja tu kwa mwezi kwa hivyo ncha ya mabegani imeshakula jua na pasi ya nywele miaka kadhaa. Funga na kitambaa, lala. Nazi inapenya polepole, hiyo ya nusu saa haifiki mbali. Na usioshe kichwa siku hiyo wala iliyotangulia, uchafu kidogo na mafuta ya ngozi yako vinakusaidia blichi isikuchome sana, ukikwangua ngozi kwa shampuu asubuhi alafu ukaenda kublichi utalia machozi kwenye kiti.

Hapa ndo mwenye saluni wa mtoto wa khalati anagoma, ati mafuta na ile foili wanayofungia nywele za blichi yatakaanga nywele kama mahamri. Dadangu, mahamri yanataka moto. Blichi kichwani inapasha tu, haifiki hata karibu na joto la karai, na usimruhusu akuwekee draya juu yake na hapo hofu imeisha. Ila ana hoja kwenye kitu kingine, nywele zikiwa zinachuruzika mafuta blichi inashika mabaka mabaka. Ndo nikasema kidogo. Asubuhi ukishika nywele mkono ubaki na unyevu mdogo, usibaki na mafuta ya kufuta kwenye leso. Hii ndo sababu nasema mbarika yaache kwanza, najua yanasifiwa, yale ya kasta watu wanayapenda kwa kujaza nyusi sijui nini, lakini ni mazito yananata, yanajenga ukuta juu na kutoka hayatoki kirahisi. Simsim tumia kwa kuchua mwili. Habasoda kula.

Developa omba ya 20, hiyo ni peroksaidi asilimia 6. Ya 30 ni 9 na ya 40 ni 12, na hiyo 40 inaharakisha kazi ya mwenye saluni ili aite mteja mwingine, wewe haikusaidii kitu, bora urudi mara mbili. Na kama una relaksa, ile dawa ya kunyoosha nywele, kichwani basi mimi mwenyewe nakwambia subiri zikue ukate, nywele zetu za kujisokota zinakatikia pale penye mzunguko hata bila dawa, ukiweka relaksa na blichi pamoja hakuna mafuta ya kuziokoa.

Kama ni rangi ya kufunika mvi, sio blichi, utaratibu unabadilika kidogo: paka usiku vile vile ila asubuhi osha kwa shampuu nyepesi, mvi zina ukaidi wake na mafuta juu yake yanazipa sababu ya kukataa rangi. Weka mafuta kwenye kipaji na masikio tu ngozi isishike weusi.

Alafu kuna hili ambalo huku pwani ni kubwa kuliko mafuta yote, hina na piko. Mabibi harusi wetu kichwani mna historia. Hina safi ya majani inajishikiza kwenye keratini, ukiblichi juu yake unatoka na rangi ya chungwa na haibanduki. Zile zilizochanganywa na chumvi za metali ndo hatari, zikikutana na peroksaidi zinapata moto, unaweza kuona moshi kabisa na nywele zikakatika. Kwa hivyo okota nywele kwenye kitana chako, zitie kwenye bakuli la plastiki na mchanganyiko wenyewe, ukae uangalie. Na piko nyeusi mara nyingi ina ile kemikali ya kutia weusi inayoitwa PPD, ndo hiyo hiyo iliyoko kwenye rangi nyingi za nywele, sa kama piko iliwahi kukutoa malengelenge mkononi usiguse rangi ya nywele ya kudumu hata kidogo, kichwa kinaweza kuvimba mpaka macho yafunge. Wengine wote ijaribuni rangi nyuma ya sikio masaa 48 kabla. Hapa khalati ana haki ya kukataa, na mimi niko upande wake mpaka jaribio liishe.

Baada ya hapo bahari muionee huruma, au niseme nywele ndo mzionee. Lowesha kwanza na maji ya bomba, paka nazi kidogo, ndo uingie maji ya chumvi, ukitoka suuza. Madimbwi ya kuogelea ya mahoteli pia, shaba ikiwa kwenye maji dhahabu yako inageuka kijani.

Na kama mwenye saluni bado hataki kukupokea na mafuta kichwani mwambie ajaribu kwenye shungi moja la nyuma, chini, pasipoonekana. Akikataa na hilo nenda saluni nyingine, Malindi hazikosi.