Ami na Jumapili ya Village Vanguard

Ami yangu alipiga besi kwa miaka mingi katika kikundi kimoja cha taarabu asilia cha Mji Mkongwe, Unguja. Ninakusudia ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama, ambayo watazamaji wengi hawaijali kwa sababu macho yao yako kwa mwimbaji na masikio yao yako kwenye kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na fidla. Kazi ya besi katika taarabu, kama alivyonifunza tangu nilipokuwa mdogo, ni kushika chini: kuwapa wenzako mahali pa kukanyaga, wala usijitie mbele. Aliiheshimu kazi hiyo, na sikupata kumsikia akiilalamikia. Kwa hiyo alipokuja kututembelea Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York, Januari ya mwaka 2014, katika baridi ambayo hata wenyeji waliiogopa, nilikuwa nimeshaamua muziki wa kumsikilizisha.

Ulikuwa ni ule uliopigwa na watatu wa Bill Evans katika klabu ya Village Vanguard, New York, siku ya Jumapili tarehe 25 Juni 1961: Evans mwenyewe kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Kutokana na siku hiyo moja kampuni ya Riverside ilitoa albamu mbili, Sunday at the Village Vanguard na Waltz for Debby, ambazo wapenzi wa jazi hawajaacha kuzisikiliza mpaka leo. Mimi nilikuwa na sanduku la diski tatu lililotolewa mwaka 2005, lenye kufuata mpangilio uleule wa siku yenyewe, tangu alasiri hadi usiku. Nilimtajia Ami majina ya wapigaji, mahali na tarehe, basi. Yaliyotokea baada ya tarehe hiyo sikumwambia, na nilinyamaza kwa makusudi, kwani nilitaka nimpate walau msikilizaji mmoja ninayemwamini atakayeupokea muziki ule kama ulivyopigwa, kabla hajaijua hadithi yake.

Diski ya kwanza inaanza na "Gloria's Step", utungo wa LaFaro, na katikati yake sauti inakatika ghafla kisha inarudi, kwa sababu umeme ulipotea kidogo wakati mashine ya kurekodia inafanya kazi. Ami, ambaye alikuwa Unguja katika ile miezi mitatu ya giza iliyoanza Desemba 2009, alinyanyua kichwa. Sauti iliporudi, wapigaji walikuwa wameshafika mbele ya pale tulipowaachia.

"Hawakusita," alisema, na alilisema hilo kwa heshima.

Baada ya hapo alinyamaza kwa muda mrefu. Mimi nilivitazama vidole vyake zaidi ya kitu kingine chochote. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala juu ya meza, ulianza kutafuta sauti: kidole cha shahada kilibana, cha kati kikafuata, mkono mzima ukateleza kidogo na kubana tena, kama vile shingo ya besi ipo pale. Aliweza kumfuata LaFaro kwa muda. Kisha LaFaro akapanda juu kabisa, kwenye zile sauti nyembamba ambazo mpiga besi wa taarabu huzigusa kwa nadra, akashuka kwa mfululizo wa noti za haraka, na vidole vya Ami vikasimama.

"Nyuzi zake amezishusha," alisema. "Zipo karibu na ubao. La sivyo mkono usingefika kwa kasi ile."

Ilikuwa ni kweli. LaFaro alikuwa amezishusha nyuzi zake, na mkono wa kulia aliuchezesha kwa vidole viwili vyenye kupokezana. Lakini wepesi peke yake haungenifanya nirudi kwenye albamu hii mwaka hadi mwaka, na Ami aliligundua jambo lenyewe bila ya mimi kumsaidia. Katika taarabu, mpiga kanuni au udi anapopewa nafasi ya taksimu, wenzake hunyamaza au humshikia sauti moja chini, naye hujitembeza peke yake mpaka atakaporidhika. Ami aliniambia kwamba hawa wanafanya taksimu wote watatu kwa pamoja, na hakuna anayemkanyaga mwenziwe. Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya hayo. Katika jazi ya wakati ule ilikuwa desturi besi itembee mapigo manne kwa kila kipimo, dramu ilinde mwendo, na piano ipambe juu yake. Evans alitaka kikundi ambamo kila mmoja anaweza kuzungumza kila inapobidi. Katika rekodi hii pigo la kwanza mara nyingi halitamkwi na yeyote. Motian analizunguka kwa fagio zake za waya, LaFaro analichelewesha, Evans analipita. Hata hivyo wote watatu wanajua liko wapi, na msikilizaji akishazoea naye hulijua, na kulijua huko kuna raha ambayo haipungui kwa kurudiwa.

Ami hakukubali kila kitu. Katika "All of You" aliona kwamba LaFaro amezidi kusema, na kwamba mara mbili tatu aliingia maneno ya piano yakiwa hayajesha. Nilimpinga, kwa adabu, naye akashikilia lake.

Jambo jingine lililomshangaza ni watazamaji. Glasi zinagongana, watu wanazungumza, mtu anacheka juu ya "My Foolish Heart", ambayo inapigwa taratibu mno hata unahofia itasimama. Yeye amezoea ukumbi wa taarabu, ambako watu wakiguswa na wimbo huinuka wakaenda kutunza, na hakuelewa vipi mtu ataagiza kinywaji wakati huo. Mimi nazipenda kelele zile. Zinanihakikishia kwamba kwa wale waliokuwamo mle ndani ilikuwa ni Jumapili ya kawaida, na kwamba watatu wale walipiga namna ile kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakipiga.

Tulisimama kwa sala ya magharibi na chai. "Waltz for Debby" ilipofika nilimweleza kwamba Evans aliutunga kwa ajili ya binti wa kaka yake, yaani alikuwa ami wa mtoto huyo, na hapo Ami alitabasamu na kuniomba niurudie tangu mwanzo.

Mwishoni mwa diski ya tatu ipo "Jade Visions", utungo mwingine wa LaFaro, mfupi, ambamo besi inapiga sauti mbili mbili kwa pamoja na piano inakaa pembeni yake bila ya haraka. Ami alihesabu mapigo kwa vifundo vya vidole na kupata tisa, akahesabu tena kuhakikisha. Walipomaliza akaniuliza:

"Mtoto huyu wa besi, yuhai?"

Nikamwambia. LaFaro alifariki tarehe 6 Julai 1961, siku kumi na moja baada ya Jumapili ile, kwa ajali ya gari karibu na mji wa Geneva, katika jimbo la New York. Alikuwa na umri wa miaka 25. Evans aliacha kupiga mbele ya watu kwa miezi. Yeye na mtayarishaji Orrin Keepnews walipochagua nyimbo za albamu ya kwanza, walichagua zile zinazomdhihirisha LaFaro, wakaifungua kwa "Gloria's Step" na kuifunga kwa "Jade Visions".

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," alisema Ami. Kisha, baada ya muda: "Na chombo chake?"

Wengi huandika kuhusu albamu hizi kana kwamba kifo kile kimo ndani ya muziki, na kana kwamba ndicho kinachozifanya zidumu. Siafiki. Ami alisikiliza zaidi ya saa mbili bila ya kujua lolote, na yote aliyoyasema kuhusu taksimu ya watu watatu aliyasema juu ya kijana ambaye kwake yeye alikuwa hai. Huzuni imo, hasa katika "My Man's Gone Now", lakini ni huzuni ya wimbo wenyewe. Kinachosikika zaidi ni furaha ya watu ambao wamefikia jambo walilolitafuta tangu mwisho wa mwaka 1959, na wanalifurahia noti kwa noti.

Kuhusu chombo nilikuwa na jibu. Besi ya LaFaro ilitengenezwa na Abraham Prescott wa New Hampshire karibu mwaka 1825. Iliharibika vibaya katika ajali ile, lakini mafundi wa nasaba ya Kolstein waliifufua, na imepigwa tena. Habari hiyo ilimfurahisha Ami kuliko zote nilizompa jioni ile. Aliuliza kuhusu mbao, gundi na shingo, na mengi katika maswali yake yalinishinda.

Siku chache baadaye tulivuka mto na kushuka ngazi za Village Vanguard, ambayo bado ipo chini ya ardhi katika Seventh Avenue South, chumba cha pembe tatu chenye jukwaa kwenye ncha yake. Ami alilipima jukwaa kwa macho, akasema kwamba wapigaji walikaribiana kiasi cha kusikiana pumzi.

Aliondoka na nakala ya diski zote tatu. Tangu wakati huo mazungumzo yetu ya simu, baada ya salamu na habari za wagonjwa, hufika kwenye "All of You", ambayo siku ile ilipigwa mara tatu. Mimi nashikilia kwamba ile ya pili, iliyoingizwa kwenye albamu, ndiyo kamili. Yeye anaishikilia ya tatu, na anasema kwamba LaFaro hasemi kupita kiasi tena, ila mimi ndiye ninayesikiliza piano peke yake.