Siku moja maishani mwangu: chumvi haiyeyuki, mama hafanyi kazi

Saa 12:00 asubuhi. Mbeya ya mwezi wa sita haina huruma. Najifunga khanga juu ya sweta, nabandika chai, napitia andalio la somo. Leo nina Kemia vipindi viwili mfululizo na Fizikia kimoja, vyote Kidato cha Kwanza. Kwenye mkoba kuna mshumaa, sukari, chumvi na kijiko kikuukuu ambacho hakitarudi tena jikoni.

Saa 1:30. Mstarini. Mwalimu wa zamu anatangaza kwa Kiingereza, watoto wanaitikia "Yes, sir" kwa sauti moja. Mshike mmoja pembeni umuulize kimetangazwa nini, ataangalia viatu vyake. Na si kwamba ni wajinga. Mpaka darasa la saba wamesoma Sayansi na Teknolojia kwa Kiswahili. Usanisinuru wanaujua, mmeng'enyo wa chakula wanaujua. Nyumbani wengine wanaongea Kinyakyusa au Kisafwa, kwa hiyo Kiingereza ni lugha ya tatu, na ghafla karibu masomo yote yako huko. Shule nyingi utakuta kile kibao kwenye mlango wa ofisi ya walimu: "No English, no service." Sikipendi. Mtoto anakuja na swali, anasoma kibao, anageuka na swali lake.

Saa 2:00. Kemia, dakika 80. Watu hudhani kinachowatesa watoto hawa ni maneno marefu. Hapana. "Photosynthesis" wanaimeza ndani ya siku moja: ni refu, la ajabu, halifanani na kitu wanachokijua, basi linakaa. Ukiwaambia "photo" ni nuru na "synthesis" ni usanisi wanacheka, kumbe walikuwa nalo tangu shule ya msingi. Taabu iko kwenye vineno vifupi vinavyojifanya rafiki: melt, work, state, base, matter.

Leo ni zamu ya "melt" na "dissolve". Kwenye zoezi la mwisho karibu darasa zima waliandika "Salt melts in water." Wala si uzembe. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku sukari inayeyuka kwenye chai, barafu inayeyuka juani, mafuta ya kupaka yaliyoganda kwa baridi yanayeyuka kiganjani. Kitenzi kimoja kinabeba yote na jikoni hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo.

Nawasha mshumaa. Kwanza nta: inalainika, inakuwa maji, inatiririka, ikifika chini inaganda. Halafu namwita kijana wa dawati la mbele ashike kijiko cha sukari juu ya moto. Kando kando panaanza kulowa, chembe zinashikana, rangi inageuka ya asali, harufu inafika mpaka dawati la nyuma. (Najua mkemia atasema sukari hiyo imeanza kuungua pia. Ndiyo, ndiyo maana nta ilitangulia.)

"Did I add water?"

"No, madam."

"What did I add?"

"Fire!" Naandika "heat" ubaoni. Kitu kimoja na joto: hiyo ni "melt". Kisha nakoroga sukari kwenye glasi ya maji ya bomba, baridi vilevile. Vitu viwili, moto haupo: "dissolve". Mwisho nikaweka chumvi kwenye kijiko kingine. Wakasubiri. Ikadatadata kidogo, kijiko kikapata masizi, chumvi ikabaki palepale. Nikaandika 801, ndizo nyuzi za Selsiasi inazohitaji chumvi ili iyeyuke kweli, na mshumaa wetu usingeifikisha huko hata tungekaa mpaka jioni.

"Sasa madam, ya baharini je?" Binti mmoja, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, jicho mlangoni. Nikamjibu kwa Kiswahili, kisha nikamwambia jibu alirudishe kwa Kiingereza. "The salt dissolve in the sea." Ile s ya mwisho tutaidai siku nyingine.

Saa 4:00. Chai na chapati, nasahihisha. Swali la kwanza lilikuwa "State three states of matter." Angalia ukatili wa sentensi hiyo: neno lilelile mara mbili, mara ya kwanza ni kutaja, mara ya pili ni hali za maada, yaani yabisi, kimiminika na gesi. Mtoto mmoja amejibu: "Good, bad, sick." Mwenzangu wa meza ya pili akapaliwa na chai kwa kicheko. Lakini fungua kamusi: "state" ni hali. Na "matter" mtoto anaijua kwenye "What is the matter?", tunayomuuliza mgonjwa. Kafuata njia yote sawasawa, akafika kusiko.

Ndiyo maana maneno ya kuamrisha ya mtihani nayafundisha kama mada kamili. "State", mstari mmoja, usijieleze. "Explain", bila "because" hujaanza. "Distinguish", lazima vitu viwili vionekane pamoja kwenye kila hoja. Kwenye upimaji wa kidato cha pili mtoto anaweza kuwa na sayansi yote kichwani, akaikosa alama kwa neno moja la kwanza.

Saa 5:20. Fizikia: "work". Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kama newton 200. Kuitoa chini mpaka kichwani, tuseme mita 1.5, ni kazi ya jouli 300, yaani uzito mara umbali. Sasa tembea nayo njia tambarare mpaka nyumbani, mwendo uleule. Kazi iliyofanyika juu ya ndoo hapo ni ngapi? Sifuri.

Ghasia.

"Madam, kwa hiyo mama yangu hafanyi kazi?"

Nikasema anafanya, tena sana, na misuli yake inachoma chakula njia nzima. Ila kani yake ("force") kwenye ndoo inaelekea juu, na safari inaelekea mbele. Fizikia inahesabu mwendo ule tu unaofuata kani. Kijana wa nyuma akasema, "Basi fizikia haijawahi kuchota maji." Darasa likalipuka, nami nikacheka nao. Dakika zilizobaki tukazimalizia kwenye "force", "power" na "energy", ambazo mtaani zote tunaziita nguvu.

Saa 8:00 mchana. Nakagua madaftari ya msamiati. Safu tatu: neno, maana kwa Kiswahili, sentensi waliyoitunga wenyewe. Neno lisilo na sentensi silipigi vema. Kwa "base", ambayo kwenye kemia ni kinyume cha asidi, wengi wameandika besi ya spika, na mmoja amechora spika yenyewe, vizuri tu.

Saa 10:00 jioni. Nateremkia soko la Mwanjelwa kutafuta rozela kavu kwa ajili ya kesho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ya juisi?"

"Ya darasani." Nikamweleza: ukitia limao, ambalo lina asidi, inakuwa nyekundu ya kuwaka, ukitia magadi, ambayo ni "base", inageuka kijani. Akanitazama kwa mashaka, akaniuliza kama watoto watainywa. Nikamwambia hapana. Limao ninalo nyumbani; magadi nikanunua kwake hapohapo.