Mgeni aliye mbali naye ni mgeni wetu

Kwa miaka mingi nimeandaa makongamano, uzinduzi wa vitabu na mikutano mikuu ya vyama vya ushirika hapa Nairobi, na hadi Machi 2020 kazi yangu ilipimwa kwa mambo ya kuonekana: viti vimepangwa, chai imefika kabla ya saa nne, mitambo ya sauti imejaribiwa kabla mgeni wa heshima hajashuka garini. Kisa cha kwanza cha Korona kilitangazwa nchini tarehe 13 mwezi huo, kafyu ikaanza wiki mbili baadaye, na sisi tuliokuwa tukiishi kwa kukusanya watu tukabaki na skrini peke yake.

Mwanzoni tulikosea. Tulichukua ratiba ya siku nzima tukaihamishia Zoom jinsi ilivyokuwa, pamoja na salamu za kila kiongozi, bila kufikiri kwamba aliyeketi ukumbini hupumzishwa na mengi tusiyoyahesabu, kama vile mazungumzo na jirani au matembezi mafupi ya kwenda kuchukua chai, ilhali aliye nyumbani ameshika simu hana la kumpumzisha. Tulilitambua hilo upesi, tukapunguza hotuba na kuongeza mapumziko.

Ugumu wenyewe ulikuja kumbi zilipofunguliwa, wateja walipotaka mikutano mseto, yaani baadhi ya watu wawe ukumbini na wengine mtandaoni. Wote wakiwa mtandaoni, hali yao ni moja. Katika mseto, aliye mbali huwa mtazamaji tu wa shughuli ya wenzake asipotengewa nafasi yake mapema, na ninaamini kwamba jambo hili ndilo linaloamua kama mkutano wa aina hiyo umefaulu.

Nililijua hilo kwa uchungu katika kongamano moja la mwaka 2021. Mmoja wa wazungumzaji wetu alikuwa Kisumu. Kila alipoanza kusema, alisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia baada ya kitambo kidogo, akanyamaza katikati ya sentensi, akaanza tena, akanyamaza tena. Waliokuwa ukumbini walidhani amepoteza mawazo, kumbe kosa lilikuwa letu: tulikuwa tukimrudishia sauti yote ya ukumbini, yake ikiwamo. Dawa yake haina gharama kubwa. Mikseri, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, huwa na njia zaidi ya moja za kutolea sauti, kwa hiyo fundi huwapelekea wa ukumbini kila kitu, na katika njia ya pili huipelekea kompyuta sauti zote isipokuwa ile iliyotoka kwenye kompyuta hiyo hiyo. Tangu siku hiyo siruhusu mkutano uanze kabla mtu wa mbali hajazungumza na kusikiliza kwa dakika kadhaa tukiwa tunafanya majaribio.

Sauti ndiyo ninayoitanguliza katika kila jambo. Picha ikiganda kidogo watu huvumilia. Maneno yakikatika huondoka. Zaidi ya hayo, wengi wanaotufuata wametumia pesa zao kununua bando, na video hula bando mara nyingi zaidi ya sauti, kwa hiyo ni haki yao kuelezwa mwanzoni jinsi ya kubaki na sauti tupu. Vilevile hakuna swali linaloulizwa ukumbini bila maikrofoni, hata kama muulizaji ana sauti kubwa kiasi gani, kwa sababu wa mtandaoni hatamsikia.

Baada ya sauti huja mtu ninayemwita mwenyeji wa mtandaoni. Huyu huketi karibu na mshereheshaji, husoma maswali yanayoandikwa, na ana ruhusa ya kuinua mkono na kumkatiza mzungumzaji yeyote. Anapaswa pia kujua kwamba matangazo ya YouTube huchelewa, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu dakika, kwa hiyo mshereheshaji akiuliza kama kuna swali na kufunga mara moja, watazamaji wa huko hawajasikia hata mwaliko. Sisi hutangaza muda wa maswali mapema, kisha swali la kwanza hutoka kwa walio mbali.

Wakalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya nao wamenifundisha kitu. Ukumbini mkalimani husimama kando ya jukwaa na anaonekana wakati wote. Mtandaoni, fundi wa kamera akihama kutoka sura moja hadi nyingine, mkalimani hupotea na mtazamaji kiziwi hukosa maneno. Lazima awe na kamera yake na kisanduku chake kwenye skrini, kisichoguswa mpaka mwisho.

Kuhusu intaneti, nilikuwa nikijivunia kukodi laini za kampuni mbili tofauti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini na mtandao ukawa mzito Afrika Mashariki, nilielewa kwamba kampuni mbili zinaweza kutegemea waya mmoja. Laini mbili bado nakodi, kwani husaidia moja ikikatika mtaani, lakini kila mkutano sasa tunaurekodi pale pale ukumbini, na hotuba za walio nje ya nchi tunaomba zirekodiwe mapema ziwe akiba.

Wateja huuliza kwa nini bei haishuki ilhali viti vimepungua. Huwaeleza kwamba wananunua matayarisho mawili yanayokwenda kwa wakati mmoja, yenye mafundi tofauti na majaribio tofauti. Wakisisitiza nipunguze, huanza na maua ya jukwaani, kisha kamera ya tatu. Fundi wa sauti na mwenyeji wa mtandaoni hawaguswi.