Safu ya Chanzo

Jana jioni, baada ya kuosha matope ya Uluguru miguuni, nilikaa mezani nikahamisha faili la safari kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta, kama nifanyavyo kila nirudipo mlimani. Mstari mwekundu ukajitokeza juu ya ramani: unaanzia mjini Morogoro, unakatiza mashamba ya maharage na migomba, unafika Morningside kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani, kisha unarudi kwa njia ileile. Nilipoikuza picha, nikaona chini kidogo ya Morningside fundo la uzi uliovurugika, mfano wa kiota cha ndege aliyejenga kwa pupa. Pale ndipo tulipojibanza kwenye kibanda cha mwenye shamba kwa dakika arobaini tukisubiri mvua ikatike. Hatukusogea hata hatua moja. Hata hivyo simu, ikiwa mfukoni mwangu, ilihesabu kwamba nimetembea mita 310.

Sababu yake si ngumu. Simu hukisia mahali ilipo kwa kupima muda ambao mawimbi ya setilaiti yamechukua kuifikia, na kila kisio hukosea kwa mita kadhaa, huku na huko. Katika bonde lenye kuta za miamba, chini ya bati lililolowa, kosa huongezeka, kwa kuwa mawimbi hugonga ukuta kwanza ndipo yafike. Simu nimeiamuru iweke nukta kila sekunde. Nukta zikiunganishwa, mtu aliyekaa kimya anakunywa chai ya chupa huonekana anazungukazunguka kama aliyepoteza ufunguo.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kufuta, kisha ukasita. Programu ingenipa mstari safi kwa kubofya mara mbili tu, na umbali wa siku ungepungua ukawa wa haki. Lakini fundo lile ndilo alama pekee ya ile mvua. Mwishowe niliupunguza umbali katika jedwali, nikaandika pembeni kwamba nimeupunguza na kwa nini, na fundo nikaliacha palepale kwenye ramani.

Nilianza kuweka kumbukumbu za matembezi yangu mwaka 2009 katika kaunta buku, kwa kalamu ya wino, nikiandika tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, majina ya tuliokuwa pamoja na hali ya hewa. Ni mwalimu wa jiografia, na kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kusoma ramani pasipo kuwa na ramani yangu mwenyewe ya mahali popote. Miaka minne iliyopita nilijifunza kutumia QGIS, programu ya ramani inayopatikana bila malipo, nikaanza kuhamishia humo kaunta buku lote, ukurasa baada ya ukurasa. Kila safari ni mstari mmoja, na kila mstari una maelezo yake katika jedwali: tarehe, umbali, kimo kilichopandwa, wenzangu, mvua au jua. Na mwisho wa jedwali kuna safu moja niliyoiita "chanzo". (Lugha yetu imeniruhusu mzaha huo: safu ya milima iko nje ya dirisha, na safu ya chanzo iko ndani ya jedwali. Darasani mzaha huu haujawahi kumchekesha yeyote.)

Safu hiyo hupokea neno moja kati ya matatu. "Simu", ikiwa mstari umerekodiwa njiani. "Daftari", ikiwa nimeuchora baadaye kwa kufuata niliyoyaandika siku ileile. "Kumbukumbu", ikiwa nimeuchora kwa kukumbuka tu, bila maandishi yoyote. Programu huchora kila aina kwa namna yake: ya kwanza mstari mzima, ya pili vipande vipande, ya tatu nukta nukta. Ninapoitazama ramani yote kwa pamoja, naona mara moja ni wapi ninajua na ni wapi ninadhani.

Kilichonifundisha kuijali safu hii ni karatasi moja ya zamani. Niliipiga picha karatasi ya ramani ya nchi yetu, ile ya kipimo cha 1:50,000, kwa sababu ina majina ya vijito ambayo siyaoni katika ramani za mtandaoni, nikaiweka chini ya mistari yangu kwa kutumia nambari za gridi zilizochapishwa pembezoni mwake. Matokeo yalikuwa kichekesho. Kijito nilichokivuka kwenye mawe kilikuwa ng'ambo ya pili ya kilima, na njia niliyoipanda kwa mikono na magoti ilipita mahali ambapo karatasi inaonyesha hakuna njia. Kila kitu kilikuwa kimesogea takriban mita 300, upande uleule. Kwanza niliilaumu simu. Kisha nikawalaumu wachoraji wa karatasi, ambao pengine wengi wao ni marehemu na hawawezi kujitetea. Nilikesha siku mbili nikizisogeza nukta kwa mkono, kazi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuzifanya mbele ya kompyuta.

Siku ya tatu nilisoma maandishi madogo ya ukingoni. Karatasi ilisema waziwazi kwamba vipimo vyake vimejengwa juu ya msingi wa Arc 1960, uliotumika Kenya na Tanzania, ambao nao umelichukulia umbo la dunia kama lilivyokadiriwa mwaka 1880. Simu hutumia msingi mwingine, WGS 84, ule wa setilaiti. Misingi hiyo miwili haikubaliani juu ya mahali kilipo kitovu cha dunia, kwa hiyo nambari zilezile za gridi huangukia mahali tofauti ardhini. Simu ilikuwa sahihi, karatasi ilikuwa sahihi, na mwalimu wa jiografia ndiye aliyeiambia programu uongo. Nilipochagua jina la msingi sahihi katika orodha, karatasi iliruka mara moja, na kijito kikaja kulala chini ya mguu wangu, penye mawe yaleyale.

Kimo ndicho kinachonisumbua hadi leo. Kilele cha Lupanga kiko mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Morogoro uko karibu mita 500, kwa hiyo atokaye mjini hadi kileleni lazima apande zaidi ya mita 1,600. Hapo hakuna mjadala. Mara ya mwisho nilipopanda, simu ilinipa jumla ya mita 2,190. Ninakiri kwamba niliipenda nambari hiyo na kwamba nilimtumia rafiki. Lakini simu hujumlisha kila kupanda kudogo, pamoja na kule kupanda ambako si chochote ila mtetemeko wa makosa yake: juu mita mbili, chini mita tatu, juu mita mbili tena, nasi tumesimama tukifunga kamba za viatu.

Isitoshe, kimo chenyewe huhesabiwa kuanzia wapi? Niliwahi kusimama Coco Beach, Dar es Salaam, maji ya bahari yakinilamba vifundo vya miguu, na simu ikaniarifu kwamba niko mita ishirini na kitu chini ya sifuri. Haikuwa imeharibika. Setilaiti hupima kutoka kwenye umbo laini la dunia lililotungwa kwa hesabu, na katika pwani yetu bahari halisi imelala chini ya umbo hilo kwa kiasi hicho. Programu isiposahihisha tofauti hiyo, mtu anaweza kuzama bila kulowa.

Niliamua basi kuiweka kando simu katika suala la kimo, na kuchukua vimo kutoka katika data ya rada iliyokusanywa mwezi Februari mwaka 2000, wakati chombo cha anga cha Endeavour kilipozunguka dunia kwa siku kumi na moja kikipima sura ya nchi kavu. Data hiyo hupatikana bure, na sehemu yetu imegawanywa katika vijisanduku vya mita 30 hivi. Mchoro wa mwinuko wa Lupanga ulitoka mzuri, laini kama mgongo wa ng'ombe, isipokuwa mahali pamoja: pale mashamba yanapokwisha na msitu wa hifadhi kuanza, mstari uliruka ghafla mita kumi na tano. Nilikumbuka vizuri mahali pale. Njia ni tambarare kwa hatua chache. Ndipo mtu anapovuta pumzi kabla ya kuingia gizani. Hakuna ngazi wala mwamba. Ilinichukua jioni nzima kutambua kwamba rada haikuuona udongo, iliyaona majani. Chombo kilicho juu angani kilipima vilele vya miti, na mchoro wangu ulikuwa umenitembeza juu ya msitu pamoja na mbega.

Nilimsimulia jambo hili mzee anayetuongoza mara nyingi, ambaye sote tunamwita Babu. Alisikiliza hadi mwisho, akaangalia miguu yake iliyokwisha kupanda Lupanga mara zisizohesabika, akauliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, hicho chombo kimepanda au hakijapanda?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi katika jedwali naandika kimo mara mbili, cha simu na cha rada, kila kimoja na chanzo chake, na sijumlishi wala sigawanyi kwa mbili.

Babu pia ndiye chanzo cha majina. Kila kona ina jina ambalo halipo katika karatasi wala mtandaoni, nami huyaandika kama anavyoyatamka, kisha humsomea ili anisahihishe. Njia za mashambani, ambazo akina mama hushuka nazo alfajiri wakiwa na matenga ya mboga kichwani, nimeziongeza katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ili kila mtu azione. Njia za ndani ya hifadhi sijaziongeza. Babu aliniomba hivyo kwa kuwahofia wapasua mbao, nami nadhani ana haki, ingawa wapasua mbao hawajawahi kuhitaji ramani yangu.

Kazi iliyobaki ni mistari ya nukta nukta, nayo inakwenda polepole. Mmoja ni wa mwaka 1991, siku baba alipotupeleka upande wa Mgeta kumsalimia mjomba, mimi nikiwa na miaka tisa. Hakuna daftari la siku ile, wala picha. Niliuchora mstari kwa jinsi ninavyokumbuka: tuliuacha mto mkono wa kulia, tukapanda katikati ya matuta ya viazi, baba akiwa mbele amenibebea viatu. Wiki iliyopita nilimwonyesha dada yangu mkubwa, ambaye siku ile alikuwa na miaka kumi na minne na kwa hiyo anastahili kusikilizwa. Aliutazama mstari kwa muda mrefu. Akasema mto ulikuwa mkono wa kushoto, kwamba hatukupita kwenye viazi hata kidogo, na kwamba viatu vilivyobebwa vilikuwa vyake.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kisha nikamsogezea kompyuta, nikamwonyesha namna ya kuchora, naye akauweka mstari wake taratibu, nukta moja baada ya nyingine, akirudi nyuma mara kwa mara kurekebisha. Mistari yote miwili sasa imo ndani ya faili. Inaanza pamoja barabarani, inaachana kwenye mto, na kukutana tena nyumbani kwa mjomba. Katika safu ya chanzo nimeandika "kumbukumbu, mimi" kwenye mmoja, na "kumbukumbu, dada" kwenye mwingine. Yeye ameniomba niongeze neno "sahihi" mbele ya wake. Bado sijaongeza.