Kabla ya kununua kiyoyozi kikubwa zaidi, panda juu ya paa

Mwezi wa Februari hapa Dar, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa chumba cha kulala saa tatu usiku. Bado una moto. Tofali la sementi la inchi 6 hupitisha joto polepole, kwa hiyo jua lililoupiga ukuta saa kumi jioni linafika ndani saa nne au tano baadaye, pale pale watu wanapoingia kulala. Nje nako lami, zege na pevingi vinatema joto vililonyonya mchana, na kaskazi ikishajipenyeza kati ya maghorofa yaliyobanana haina nguvu tena. Basi kila mtu anawasha kiyoyozi.

Tupige hesabu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupooza), kisicho cha invata, yaani kisichopunguza kasi chumba kikipoa, hula takribani kilowati 1.1 kompresa, ile pampu yake ya gesi, inapozunguka. Kwa saa 8 za usiku, kompresa ikifanya kazi asilimia 70 ya muda, ni uniti 6 na kidogo, kama 185 kwa mwezi. Ukipiga kwa shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, unafika karibu 66,000. Chumba kimoja tu hicho, na tayari umevuka mbali uniti 75 kwa mwezi, kikomo cha mteja mdogo anayelipa bei nafuu. Feni ya dari ya wati 70 kwa saa hizo hizo haifikishi uniti 0.6.

Mashine ya nje ndiyo inayoonewa zaidi. Kwa kila uniti 1 ya umeme, kiyoyozi kizima huondoa chumbani joto la kama uniti 3, kisha hutupa nje zote 4. Joto hilo likikosa njia, mashine inalivuta tena. Tazama vichochoro vya nyuma ya maghorofa ya Kariakoo: mashine zimepangwa ukutani ghorofa juu ya ghorofa, na ya juu inavuta hewa iliyotoka moto kwa ya chini. Hewa inayoingia ikipanda digrii moja, umeme unaoliwa huongezeka kama asilimia 2, na uwezo wa kupooza hupungua, hivyo mashine inazunguka muda mrefu zaidi. Digrii 10 za ziada, ambazo ni rahisi kuzipata ndani ya kizimba cha nondo kilichozibwa na maboksi, zinaweza kukuongezea robo ya bili. Mchana wa jua kali presha ya gesi ndani ya mashine hupanda hadi kompresa inajikata yenyewe. Hapo fundi atasema gesi imepungua. Gesi ya kiyoyozi hailiki kama ya jiko. Ikipungua pana tundu, na tundu lizibwe kwanza. Lakini kabla ya kufika huko, acha nafasi ya sentimita 20 hadi 30 nyuma ya mashine na angalau mita 1 mbele. Zima umeme kwenye swichi kuu, osha mapezi yake, vile vibati vyembamba vilivyopangana, kwa maji baridi yasiyo na nguvu nyingi kila baada ya miezi 3, maana chumvi ya bahari na vumbi huganda humo. Presha ya mashine ya kuoshea magari inayakunja mapezi, hewa haipiti tena.

Halafu paa, na hapa ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza. Dar iko karibu na ikweta, kwa hiyo paa linapigwa na jua kuliko ukuta wowote. Saa sita mchana kila mita ya mraba inapokea karibu wati 1,000. Bati jipya linalong'aa linadanganya macho. Linarudisha mwanga, ila joto linalolinyonya haliliachii kirahisi, na likishika kutu linakuwa baya zaidi. Rangi nyeupe ya maji ya akriliki, iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa, inarudisha jua na pia inaachia joto.

Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye bati la zinki. Mafuta yanakutana na zinki, yanageuka kitu kama sabuni, na baada ya msimu mmoja au miwili rangi inabanduka kama maganda. Sugua kutu, osha kwa sabuni na maji, badilisha vipira vya misumari vilivyokauka, kisha paka praima ya mabati mkono mmoja na rangi mikono miwili. Paa la mita za mraba 80, pamoja na mikunjo yake, lina karibu 100 za kupaka. Ukihesabu mita 8 kwa lita kila mkono, mikono miwili ya rangi itahitaji lita 25: ndoo ya 20 na galoni mbili za lita 4. Fanya kati ya Juni na Septemba, asubuhi umande ukikauka hadi saa nne. Bati likishachemka, rangi inakauka kabla ya kushika. Kama unakinga maji ya mvua, ulizia rangi inayofaa kwa hilo na mwaga maji ya mvua za kwanza. Na kila Novemba osha paa, kwa sababu vumbi linaua weupe.

Ukuta wa magharibi na madirisha yake vinataka kivuli cha nje: mwarobaini, au kipenu cha makuti. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwani jua likishapita kioo joto limeshaingia.

Mafanikio yapime kwa mita ya umeme. Andika uniti zilizobaki saa mbili usiku na saa mbili asubuhi, siku saba kabla ya kazi na siku saba baada yake, kiyoyozi kikiwa kwenye digrii ile ile. Wiki zote mbili ziwe za hali ya hewa inayofanana. Ukilinganisha Februari na Julai, tofauti itakuwa ya kipupwe, na rangi hutaijua imefanya nini.