Vipande vya kiazi: vipimo vinaharibikia wapi

Mradi wa osmosisi (maji kupita utando wa seli kuelekea upande wenye sukari nyingi zaidi) kwenye baiolojia unaonekana mwepesi, ila namba nyingi huharibikia kwenye kitambaa cha kukaushia. Tutafika hapo.

Kata vipande vya sentimita 5 kutoka kiazi mviringo kimoja. Menya ganda lote, maana linazuia maji kupita. Kwa myeyusho wa sukari wa mol 1 (mol ni kipimo cha kiasi cha dutu) kwa lita, weka gramu 34.2 kwenye maji kidogo, koroga, kisha jazia mpaka mililita 100. Ukianza na mililita 100 za maji ndipo utie sukari, ujazo utapita kipimo na myeyusho utakuwa hafifu. Tengeneza pia 0.8, 0.6, 0.4, 0.2 na maji matupu.

Pima uzito wa kila kipande, loweka vitatu vitatu kwa dakika 40, kisha kausha. Usikamue! Gusisha karatasi ya tishu kila upande mara moja, vyote kwa namna ileile. Tone moja linalobaki juu lina uzito wake.

Andika mabadiliko kwa asilimia, kwani vipande havikuanza na uzito sawa. Chora grafu ya mabadiliko hayo dhidi ya ukolezi (wingi wa sukari kwenye myeyusho); inapokata sifuri ndipo ukolezi unapolingana na wa ndani ya kiazi, mara nyingi karibu na 0.3.